Fundi wa Tanga: kozi fupi au kutambuliwa ujuzi?

Fundi wa magari wa Ngamiani aliyejifunza kazi chini ya gari, bila kukanyaga chuo, ana njia mbili za kupata cheti cha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Ya kwanza ni kozi fupi. Humfaa anayetaka jambo asilolijua kabisa, mathalani umeme wa magari ya kisasa, ambao hausomeki kwa kusikiliza mlio wa injini. Gharama yake si ada pekee, kwani kila saa ya darasani ni saa ambayo gereji haina fundi.

Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo wakaguzi humpima fundi akiwa kazini, humwonyesha mapengo, naye huzibiwa hayo tu kwa mafunzo kabla ya kupewa cheti. Kwa mwenye miaka kumi ya spana, naiona njia hii kuwa ya haki zaidi, ingawa haimfundishi mengi mapya, na asiyezoea kueleza kwa maneno kile ambacho mikono yake inakijua hupata taabu mbele ya mkaguzi.