DJI Mini 4 Pro: Gramu 249 za Burudani, au Chombo cha Kazi?

Watazamaji wangu, karibuni. Hapa mezani nina DJI Mini 4 Pro, droni ambayo ikikunjwa mikono yake yote minne huenea kiganjani, na pembeni yake nimeweka mizani ya jikoni, ile ile tunayopimia unga wa maandazi hapa nyumbani. Mizani ipo kwa sababu tangu droni hii itoke Septemba 2023 wauzaji wameisifia kwa namba moja kuliko zote, gramu 249, na wengi wenu mmeniandikia mkiamini kwamba namba hiyo ni kibali, yaani ukiwa chini ya gramu 250 hapa Marekani hakuna wa kukuuliza kitu. Nitaichambua droni yenyewe, lakini muda mrefu zaidi nitautumia kwenye imani hiyo, maana nimewaona ndugu zetu kadhaa hapa Texas wakinunua kifaa cha kujifurahisha na kuanza kukifanyia kazi bila kujua ni wapi walipovuka mpaka.

Tuanze na kifaa. Ikiwa na betri yake ya kawaida, mapanga yake yote yanayozunguka na kadi ya kumbukumbu, mizani yangu inasoma 248. Kiwanda kinasema betri hiyo hukaa angani dakika 34; mimi, kwa upepo wa huku kwetu, napata 25 hivi kabla rimoti haijaanza kulia, na simshauri mtu asubiri ilie mara ya pili. Kamera ina sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, ya inchi 1/1.3 inayopiga picha za megapikseli 48, na video ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, au fremu 100 ukitaka mwendo wa taratibu. Jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba kamera yenyewe hujilaza ubavu na kurekodi wima, kwa hiyo video ya kutazamwa kwenye simu haihitaji kukatwa pembeni na kupoteza nusu ya picha. Ina vihisi vya kukwepa vizuizi pande zote, lakini msivitegemee karibu na nyaya za umeme au matawi yaliyopukutika majani, kwa sababu vitu vyembamba huipita machoni. Asubuhi na alasiri picha zake ni safi mno. Jua likishazama chenga huanza kuonekana, na hapo wepesi wake nao unakuwa udhaifu, kwani kila upepo unaopita huitikisa.

Kwa mtu anayetaka kupiga picha za ziwa, za machweo, au za watoto wake wakicheza mpira nyuma ya nyumba, sina malalamiko. Mtu huyo, kwa sheria za hapa, ni mrushaji wa burudani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, humweka chini ya kifungu cha sheria namba 44809, na kwa kuwa droni yake haijafika gramu 250 halazimiki kuisajili. Bado anatakiwa awe amefanya mtihani wa usalama uitwao TRUST, ambao ni wa bure, hufanywa mtandaoni, na ukikosea swali unaelekezwa mpaka ulipate. Aiweke droni mahali anapoiona kwa macho yake. Asipande zaidi ya futi 400 juu ya ardhi. Na akiwa kwenye anga inayodhibitiwa, ambayo hapa kati ya Dallas na Fort Worth ni eneo pana sana, aombe ruhusa kwanza kupitia mfumo wa LAANC, ambao mara nyingi hujibu kwenye simu papo hapo. Gramu 249, basi, zimemwondolea usajili na yanayoambatana nao tu.

Sasa nisikilizeni kisa hiki. Majira ya kuchipua yaliyopita mvua ya mawe ilitupiga vibaya, na Mchungaji wetu akanipigia simu.

"Bwana asifiwe, mwanangu. Njoo na ile ndege yako utupigie picha za paa la kanisa, watu wa bima wanazitaka. Hela hatuna, ila Mungu atakulipa."

"Amina, Mchungaji. Nitakuja, lakini nipe siku mbili, kuna karatasi sijaziweka sawa."

"Karatasi za nini tena, na mimi nimekwambia hakuna malipo?"

Mchungaji alikuwa amesema kile ambacho karibu kila mtu husema. Watu wengi huamini kwamba burudani hukoma pale hela inapoingia mkononi, kwamba bila malipo hakuna kazi. FAA haipimi hivyo. Inachotazama ni kusudi la safari: je, uliirusha kwa ajili ya kujifurahisha tu, au kulikuwa na shughuli nyingine iliyohitaji picha hizo? Kukagua paa ni mfano ambao FAA yenyewe huutaja, pamoja na kupiga picha za kusaidia kuuza nyumba, na hata picha za mechi ya shule zitakazowekwa kwenye tovuti ya shule. Hata kujitolea kumo: ukienda kuipigia picha pwani kwa niaba ya shirika lisilo la faida, bila senti moja, umeshatoka kwenye burudani. Paa la kanisa, basi, lilikuwa safari ya Sehemu ya 107, yaani kanuni za FAA za droni za kazi, sawasawa na kama Mchungaji angenilipa dola mia tano.

Nakubali kwamba mpaka huu unauma. Kijana aliyeirusha droni juu ya paa lake mwenyewe kutazama mandhari, na kijana aliyeirusha juu ya paa la jirani kutafuta vigae vilivyopasuka, wametumia kifaa kile kile, kwa kimo kile kile, na hatari waliyoileta angani ni ile ile, lakini mmoja anahitaji cheti na mwenzake hahitaji. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ziliiona kasoro hiyo, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2020 ziliacha kupanga droni kwa kuuliza kama ni kazi au burudani, zikaanza kupanga kwa kiwango cha hatari: uzito, ukaribu na watu, na aina ya safari. Kwa maoni yangu njia yao ina mantiki zaidi. Lakini mimi ninarushia Texas.

Historia ya mpaka huu hapa Marekani ina jina la mtu mmoja, Raphael Pirker, ambaye Oktoba 2011 alirusha ndege ndogo ya povu juu ya Chuo Kikuu cha Virginia akichukua video ya matangazo kwa malipo. FAA ilitaka kumtoza faini ya dola 10,000. Machi 2014 jaji akamwachia, kwa hoja kwamba kanuni za ndege hazikukihusu chombo cha namna hiyo. Novemba mwaka huo huo bodi ya usalama wa usafiri ikaupindua uamuzi huo na kusema kwamba ndege ni ndege. Na mwanzoni mwa 2015 pande mbili zikamalizana kwa dola 1,100 bila yeye kukiri kosa. Wakati ule mtu aliyetaka kufanya biashara hakuwa na mlango wa kupitia bila kuomba msamaha maalumu. Mlango ulifunguliwa tarehe 29 Agosti 2016, Sehemu ya 107 ilipoanza kutumika, kwa hiyo kisingizio cha kwamba sheria haieleweki kimekwisha muda wake. Leo faini inaweza kufika dola 75,000 kwa kosa moja.

Mlango wenyewe si mwembamba kama mnavyoogopa. Uwe na umri wa miaka 16 au zaidi, ujue kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza, kisha ukafanye mtihani kituoni: maswali 60 ya kuchagua jibu, ndani ya saa mbili, na kufaulu ni asilimia 70. Ada ni kama dola 175. Si lazima uwe raia, na hili nalisema taratibu kwa sababu nimeulizwa na watu wenye kadi ya kijani waliodhani mlango umefungwa kwao. Kuna uchunguzi wa usalama ambao kila mwombaji huupitia, basi. Ugumu uko kwenye ramani za anga, zenye duara za buluu na zambarau zilizopandana kama mistari ya kanga, na kwenye ripoti za hali ya hewa zilizoandikwa kwa vifupisho. Nilisoma wiki tatu, jioni baada ya zamu, na mwenzangu nyumbani alichoka kunisikia nikisoma upepo wa uwanja wa ndege badala ya kula. Baada ya hapo, kila miezi 24 unafanya marudio mtandaoni bure.

Turudi kwenye gramu 249, maana ukishavuka upande wa kazi namba hiyo inapoteza nguvu zake moja baada ya nyingine. Chini ya Sehemu ya 107 kila droni husajiliwa, hata iwe nyepesi kama unyoya, dola 5 kwa kila moja, kwa miaka mitatu. Ikishasajiliwa inatakiwa pia iwe inatangaza utambulisho wake hewani, ule wanaouita Remote ID, kwa hiyo kabla ya kupokea kazi yoyote hakikisheni kwamba modeli yenu, ikiwa na betri hiyo hiyo mnayotumia, imo kwenye orodha ya FAA. Betri kubwa ya Plus ni mtego mwingine: inakupa mpaka dakika 45 kwa hesabu ya kiwanda, lakini nikiiweka hapa mizani inapanda hadi karibu gramu 290, na hapo hata mrushaji wa burudani anadaiwa usajili.

Na harusi. Najua wengi wenu mnanitazama kwa ajili ya harusi. Kuna watu wanasema kwamba droni ya chini ya gramu 250 inaruhusiwa kupita juu ya vichwa vya wageni, na wamesoma nusu ya kanuni. Kundi la kwanza la droni zinazoruhusiwa juu ya watu ni za gramu 250 kushuka chini, ndiyo, lakini sharti zisiwe na mapanga yaliyo wazi yanayoweza kukata ngozi. Tazameni haya mapanga. Yako wazi. Ukiyafunika kwa kikinga chake, nakiweka hapa, mizani imeshavuka 250. Kwa maneno mengine, droni hii haiingii kwenye kundi hilo kwa njia yoyote ile. Mimi harusini huiweka ubavuni, nje ya mstari wa viti, nikampiga picha bibi harusi akishuka garini kwa mbali na kwa pembe, na nikiri kwamba picha hutoka nzuri kuliko ile ya juu kabisa inayoonyesha vilemba na vipara.

Swali la mwisho lililojirudia ni la YouTube: je, mtu aliyechukua video kwa raha zake akaiweka mtandaoni, na matangazo yakaingia, amefanya biashara? Kinachopimwa ni nia uliyokuwa nayo droni ilipopaa. Ukienda ziwani kujifurahisha na mwezi mmoja baadaye ukaamua kuionyesha, safari ile ilikuwa ya burudani. Lakini mimi niliyetoka leo asubuhi makusudi kutafuta picha za uchambuzi huu, kwenye chaneli inayonilipia sehemu ya kodi ya nyumba, siwezi kujificha humo. Picha zote za angani mlizoziona mwanzoni nimezipiga kwa cheti.

Kwa mnaotaka kuibeba kwenda likizo nyumbani, nawaomba msiipakie kwa kutegemea hesabu za Marekani. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, zinazopanga droni kwa makundi ya hatari, A, B na C, na droni iliyofika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, begini bila idhini inaweza kubaki forodhani. Tanzania nako kibali hutafutwa mapema, kupitia TCAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga. Droni yenu itawasubiri hapa hapa Dallas bila kunung'unika.

Je, niinunue? Kama ni ya burudani, nunueni hii na betri mbili za kawaida, muiache ile ya Plus dukani. Kama ni ya kazi za paa, nyumba za kuuzwa na harusi ndogo ndogo, inafaa kabisa, ila hamtakuwa mmelipia wepesi wake wa kisheria. Mmelipia kamera nzuri inayoenea kwenye mkoba. Mwenye kazi za jioni au za sehemu zenye upepo atafute yenye sensa kubwa na mwili mzito zaidi, kwa kuwa usajili atalipa dola 5 zile zile.

Kuhusu kanisa: siku mbili zile nilizitumia kwenye tovuti ya FAA, ambako ukurasa wa usajili unakuuliza uchague burudani au Sehemu ya 107, na usajili wa upande mmoja hauhamishiki upande wa pili. Nikachagua, nikalipa, nikachapa namba kwenye kibandiko kidogo na kukibandika hapa nje ya tumbo, panapoonekana. Jumamosi nikapiga picha 61 za paa, Mchungaji akiwa chini ameshika kofia yake na kuniuliza kila dakika kama bado ipo. Hebu niipime tena mbele yenu, ikiwa na kibandiko chake. Mia mbili arobaini na tisa.