Uzoefu wangu: mahari ilipopigwa mnada jukwaani, Mtwara

Kiingilio cha mchezo wa kuigiza kilikuwa shilingi 5,000. Naanza na hilo kwa sababu wifi yangu alinung'unika njia nzima kutoka Mikindani: elfu tano nzima kwenda kuwatazama watu tunaopishana nao sokoni wakijifanya wamependana! Kweli kikundi chenyewe ni cha watu wa kawaida: mwalimu, fundi cherehani, muuza samaki, vijana wawili wa bodaboda. Mazoezi wanafanya jioni wakishatoka kwenye shughuli zao. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, Shangani, na ukutani mapambo ya harusi ya jana yake yalikuwa hayajabanduliwa. Kwa mchezo wa mapenzi, hewala.

Tuliambiwa saa kumi na mbili jioni. Pazia, yaani vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja, likafunguliwa saa mbili kasoro, na muda wote huo hakuna aliyetoka kutuomba radhi. Hapo nawakata alama.

Kisa ni hiki. Karani wa chama cha msingi, yaani ushirika unaopokea korosho za wakulima, kijana wa mizani, amempenda binti wa mkulima wa korosho lakini mdomo hafungui. Basi kila binti akileta gunia la baba yake ghalani, jamaa analitafutia kasoro. Leo lina unyevu, kesho lina mawe, keshokutwa hizi daraja la pili, kazianike tena. Binti anarudi nalo nyumbani, kesho huyo tena mlangoni. Baba mtu anaamini anaibiwa kilo. Ukumbi ulishajua kinachoendelea kabla ya binti mwenyewe, maana huku kwetu nani hajawahi kurudishiwa gunia?

Gunia hilo la kilo 80, kwa bahati mbaya, lilijazwa majani makavu, na binti akalitupia begani kwa mkono mmoja. Mzee nyuma yangu akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mke!" Waigizaji wakashindwa kujizuia, wakacheka na sisi.

Mpinzani ni mnunuzi wa kangomba. Kwa msiokuwa wa huku: huyo ndiye anayebisha hodi msimu haujafika, ndani huna hata chumvi, akupe hela kidogo kwa korosho ambazo bado ziko mtini. Imepigwa marufuku na bado yupo. Basi na mke anamtaka hivyohivyo: mahari ya kutupa, taslimu leo, binti achukuliwe mwezi wa kumi. Aliyemwigiza aliongea Kiswahili cha Dar kwa mbwembwe mpaka alipokasirishwa, ikamtoka lafudhi ya kwetu, "nke wangu, nke wangu!" Sijui kama iliandikwa hivyo. Mimi mwenyewe nikipandwa na hasira mtoto huwa "ntoto", kwa hiyo nilimwelewa.

Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, na nilipokiona nikajua tumeliwa. Kumbe ndicho kilichoubeba mchezo. Karani akishasema neno lake, inabidi ampokeze binti ndipo ajibu. Siku alipojikakamua akasema anampenda, akanyoosha mkono kumpa kipaza sauti, binti akakitazama tu. Hakukipokea. Karani akabaki ameunyoosha mkono, jasho linamtiririka, wanawake wa mstari wa mbele wanapiga kelele, "Pokea, mwanangu!" Binti akafunga kanga yake vizuri, taratibu, ndipo akapokea. Akasema, "Gunia langu lina kasoro gani leo?"

Katikati mchezo ulipwaya. Ile ngoma ya vijana ingeweza kukatwa nusu, na mtu wa kuwakumbusha maneno nyuma ya pazia alisikika kuliko baadhi ya wahusika.

Lakini mnada! Baba, kwa kuwachoka wote wawili, anatangaza kwamba mahari itakwenda kwa mnada kama korosho za enzi zile kabla ya mnada wa mtandaoni: bahasha sandukuni, zifunguliwe hadharani, bei zisomwe. Inasomwa ya kangomba. Baba anatugeukia sisi: "Wakulima, tuuze?" Ukumbi mzima, na wifi yangu amesimama juu ya kiti: "Hatuuziii!" Ya karani ikasomwa, nayo tukaikataa, maskini, maana hela hana. Sandukuni kumbe imebaki bahasha ya tatu, mwandiko wa binti. Kilichoandikwa sisemi, kwani wamesema watarudia onyesho. Nendeni, ila muondoke nyumbani mmechelewa.

Tulipotoka daladala za Mikindani zilikuwa zimekwisha. Bodaboda iliyokuwa pale nje ilikuwa ya baba mkwe mwenyewe wa mchezoni, ndevu za pamba bado zimeganda kidevuni. Akataka elfu tano kwa watu wawili. Wifi akamjibu, "Hatuuzi." Tukapatana elfu nne, tukapanda mishikaki.