Digrii ya fizikia: mzigo mzuri, ila usiuchukue kichwa kichwa

Madogo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) mnaniuliza sana kuhusu BSc ya fizikia, haya ngoja niitolee rivyu kama bidhaa nyingine yoyote. Nyota tatu na nusu kati ya tano.

Mzigo wenyewe ni mzuri, hapo sibishani na mtu. Mwaka wa kwanza ni kama unarudia advansi, watu wanapiga A kwa yaleyale ya fom siksi, halafu mwaka wa pili inaingia kwantamu (fizikia ya vitu vidogo kama atomu na elektroni) na hesabu za kufa mtu, hapo ndo sapu (mitihani ya kurudia) zinagawiwa kama njugu. Ila ukiielewa ni raha jamani, yaani unakaa na mlinganyo wa Schrödinger wa atomu ya haidrojeni, unaufungua kurasa na kurasa, mwisho inatoka elektronivolti 13.6, nishati ya kuing'oa elektroni kwenye hiyo atomu, namba ileile wanayoipima maabara!

Maabara sasa ndo zimenikera. Chuo nilichosoma osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) moja kikundi kizima, mmoja anazungusha vitufe, mwingine anasoma skrini, tuliobaki tunadesa namba, na waya umelegea ukiugusa tu wimbi linaruka. Kuna watu wamemaliza hawajawahi kuishika na ripoti zao zote zina A.

Ajira: tangazo la "anahitajika mwanafizikia" utalisubiri sana. Kuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuna Tume ya Nguvu za Atomiki, nafasi zikitoka mnagombania wengi. Hospitali kama Ocean Road na Bugando kwenye tiba ya mionzi wapo watu wa fizikia tiba, ndo wanakagua mashine na kupiga hesabu ya dozi ya mgonjwa, kazi tamu ila jiandae kusoma masta. Na kusoma zaidi si lazima mzee auze shamba: ICTP kule Trieste, Italia, kituo cha fizikia alichoanzisha mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, wana diploma ya mwaka mmoja kwa wenye digrii kutoka nchi kama zetu na ukichaguliwa wanakugharamia, Kigali nako kuna AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati. GPA tu iwe imesimama.

Washkaji wangu wanaokula vizuri saa hizi ni wale waliojibana na Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) mapema, wapo benki na kampuni za simu wanachambua data, hamna anayewauliza kwantamu. Kama umekosa tu uinjinia ndo unataka kuangukia huku, bora uchukue ile ya fizikia na ualimu, walimu wa sayansi bado wanatafutwa.

Na kalkuleta nunua yako, za kuazima hupotea wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista.