TAHADHARI: Muuza misumari "ya galvanaizi" ya vyombo, kanila laki sita na nusura aniulie vijana

Jamani wenye mashua, madau, ngalawa, wote mnaokaa na vyombo vya mbao pwani yetu ya Tanga kuanzia Moa huko mpaka Pangani, na ndugu zetu wa Pemba, someni hii. Kuna jamaa anazunguka na misumari anasema ni galvanaizi ya meli, yaani chuma kilichochovywa zinki kisiliwe na kutu, na makopo ya rangi ya kupaka chini ya chombo. Msinunue. Msimpe hata mia. Toka Jumapili usingizi siupati vizuri, na najua wapo watakaosema mtoto wa nahodha mzima katapeliwa misumari, semeni tu, bora mniseme mimi kuliko mkaopoe watu baharini.

Jina lake siandiki kwa sababu kwangu alijiita hivi, kwa mtu wa Kigombe kajiita vile. Namba zake zote mbili nimewapa wenzetu kwenye grupu la manahodha, ziulizeni huko.

Mashua mnaijua, ya marehemu baba. Safari hii ilikuwa mbao nne za kushoto juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, zimeliwa na wadudu, ukibonyeza kisu kinaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Mbao mpya za mbambakofi nilishapata, pamba ya kalafati ya kuzibia nafasi za mbao ninayo, kilichobaki misumari tu, na ile niliyoagiza Dar ikachelewa. Bamvua, maji makubwa ya kushushia chombo, lilikuwa siku tano mbele na ukilikosa bamvua chombo kinakaa mchangani wiki mbili nyingine, vijana hawaendi baharini, na wana familia.

Basi Alhamisi jioni, mwisho wa mwezi wa nane, maji yanatoka, mashua imelala kwenye magogo pale Sahare mataruma, yaani mbavu zake, yako nje, nikamuona mtu anakuja na bodaboda, gunia nyuma. Hakuanza kuuza. Alinisalimia vizuri, akaizunguka mashua kimyakimya toka omo mbele mpaka tezi nyuma, akaweka kiganja kwenye mkuku, akasema "nahodha, mkuku wako mzima huu, ila mbao ya kwanza juu yake usiicheleweshe." Sasa nyie niambieni, hayo ndiyo maneno yaleyale fundi wangu Mzee aliyoniambia juzi yake. Akauliza mnakalafati kwa pamba tupu au mnachovya mafuta, akauliza mnatoboa kwanza kwa keekee au mnapigilia hivihivi. Mtu asiyejua vyombo hawezi kuuliza hivyo. Halafu akamtaja baba kwa jina. Akasema alikuwa anamuona Mkokotoni zamani, akimtaja anateremsha sauti kama mtu anayemtaja marehemu kwa heshima. Mimi hapo moyo ukalainika kabisa, siwafichi.

Akafungua gunia. Akachukua msumari wa inchi nne wa juu, rangi ya kijivu iliyofifia, una vinundu vinundu kama ilivyo galvanaizi ya kuchovya kweli, akatoa tupa mfukoni, akaukwaruza mbele yangu, kwaruu kwaruu, ndani bado kijivu. Akanipa nikwaruze mwenyewe. Nikakwaruza. Akatoa chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani maji ya bahari na misumari mitatu, akasema hii imo humu toka mwezi wa pili angalia kama kuna kutu. Nikaiinua juani nikaangalia. Safi. Maji meupe. Nikamuuliza bei akasema elfu tisa na mia tano kilo, ila kwa ajili ya mzee, yaani baba yangu, elfu tisa. Kilo arobaini, laki tatu na sitini. Akaniongezea makopo mawili ya rangi ya chini, akasema ina shaba, konokono na wadudu hawasogei, laki na arobaini kila kopo. Jumla laki sita na arobaini.

Ningemsubiri Mzee, najua. Mzee alikuwa msibani Pangani, angerudi Jumamosi. Nikampigia hapatikani. Jamaa akasema yeye usiku anaondoka, Mkinga wanamsubiri na gunia ndo hilo la mwisho. Adhana ya magharibi ikaita, tukaenda msikitini wote, kaswali pembeni yangu, bega kwa bega. Tumetoka, niko kwenye ngazi navaa viatu, ndo nikamtumia hela. Jina likaja la mwanamke, akasema laini ya mke wangu, yangu ina deni. Nikabonyeza. Ile ngazi mpaka leo nikipita naangalia pembeni.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Kesho yake kijana wa Mzee, yule mdogo, ameanza kugongomea, kabla ya adhuhuri kanionyesha viganja vyake, vimejaa rangi ya fedha inameremeta. Akaniambia "bosi mbona misumari inapaka?" Na mimi nikamkaripia. Nikamwambia fanya kazi wewe, maji hayasubiri. Mtoto wa miaka kumi na tisa aliona, mimi mwenye chombo nikamfunga mdomo. Nimeshamuomba radhi mbele ya wenzake na narudia hapa.

Maana gunia lilikuwa limepangwa kama ndoo ya nyanya sokoni, nzuri juu, chini balaa. Kilo mbili tatu za juu galvanaizi ya kweli, chini yake yote misumari ya chuma ya kawaida ya kupigia kenchi, imepuliziwa rangi ya silva.

Tukashusha kwa bamvua, wiki ya kwanza shwari, ya pili shwari, mbao zikavimba zikabana, nikawa najisifu. Ya tatu nikaona michirizi myekundu kwenye rangi chini ya kila kichwa cha msumari, kama chombo kinalia. Ya tano, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, vijana wanarudi alfajiri nje ya kisiwa cha Yambe, upepo wa kawaida tu, wakapiga bisho mara moja, yaani kwenda kinyume cha upepo, mbao ya pili ikaachia upande wa omo. Ngama, maji ya ndani ya chombo, ikawafika magotini. Mmoja kashika usukani wawili wanafua maji kwa upo, ile kata ya kuchotea, na ndoo, barafu na samaki wametupa, na wamefika kwa sababu ya Mungu na kwa sababu Yambe iko karibu. Wangekuwa mkondo wa Pemba ningekuwa naandika kitu kingine hapa. Watu wa pwani hii tulizika mwaka 2011 ilipozama Spice Islander, ile ilikuwa kujaza watu kupita kiasi, si misumari, lakini maji ni yaleyale, hayaulizi kilichokuzamisha.

Mzee akang'oa msumari mmoja akaniwekea kiganjani, hakusema neno. Ulioingia mzima umetoka umeliwa na kutu, na tundu lake kwenye mbao limekuwa jeusi na limelegea. Ndo shida ya chuma kitupu kwenye maji ya chumvi, zinki ingeliwa kwanza yenyewe ikakilinda, hapa hakuna zinki, kuna rangi. Sasa kila tundu tutoboe upya tuweke msumari mnene zaidi, na mbao mbili zimepasuka wakati wa kung'oa, mbambakofi hiyo, mnajua bei. Na ile rangi ya chini "ya shaba" ni rangi ya nyumba imechanganywa na udongo mwekundu, konokono wameshaota tayari.

Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga kwa simu ya mke wangu, akapokea, kachangamka kabisa, "karibu bosi, misumari ipo", nilipotaja jina la mashua tu akakata, na ile namba nayo akaiblock. Kumbe na habari za baba aliziokota pale pale ufukweni, watoto wa magogoni wamekuja kunisimulia, mchana ule aliwanunulia soda akawauliza hii mashua ya nani, mzee alikuwa anaitwaje, alikuwa anakwenda wapi. Katumia jina la marehemu kuniuzia rangi ya silva.

Mtu huyu afungwe. Si arudishe hela halafu tuyamalize kienyeji, hapana, afungwe. RB ya polisi nimeshachukua, kujipatia fedha kwa udanganyifu, na namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Wa Kigombe, wa Mkinga, wote mliouziwa nendeni mkaandikishe na nyie, mkikaa kimya yangu itaonekana ni ugomvi wa wateja wawili. Ningekuwa na uwezo ningempakia kwenye chombo alichokiuzia misumari yeye mwenyewe, nimpe upo mmoja, avuke mpaka Wete, Pemba, kipindi cha upepo wa kusi. Mwizi wa kuku anapigwa mawe, huyu anayewafungulia watu mbao katikati ya bahari anakunywa chai stendi.

Mnaouliza mtamjuaje: gunia lote limwageni chini, msiangalie ya juu. Kwaruzeni ya chini kabisa, kwa tupa yenu, si yake. Ikimeremeta sana na ni laini mkononi, kimbia, ya kuchovya haimeremeti hivyo. Ukisugua na kitambaa chenye petroli rangi inatoka. Usiku mmoja kwenye maji ya chumvi msumari uliokwaruzwa wa chuma unaanza kutu asubuhi, nimejaribu juzi. Hana duka, hana risiti, hela inakwenda kwa jina lingine, daima anaondoka usiku huohuo. Na ile chupa yake, akiwaonyesha chupa mshikeni hapohapo mpige simu.

Mashua iko mchangani tena, magogoni palepale, vijana wanabebea watu mizigo sokoni mpaka bamvua lijalo. Mwenye misumari ya galvanaizi iliyobaki, inchi tatu na nne, hata kilo kumi, anitafute inbox, nitalipa bei yake. Ila aje Mzee akiwepo.