Hadubini ya USB ya bei chee kwa minyoo wa magamba: inakufikisha wapi?

Mnaouliziaga zile hadubini ndogo za USB za kuchomeka kwenye simu zinazouzwa Kariakoo, zile za kistendi cha chuma na taa zimezunguka lenzi, ngoja niseme yangu. Mimi naitumia kwa minyoo wa magamba wa baharini, wale unaowakuta bamvua maji yakishakupwa ukigeuza jiwe, au wamejibanza juu ya jongoo bahari, mgongoni magamba yamepandana kama vigae. Kwa elfu themanini niliyotoa inakufikisha kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, vizuri tu, ila spishi yenyewe usiidai.

Kwanza ile "mara 1000" iliyoandikwa kwenye boksi isahau. Weka rula chini yake uone: ukizungusha mpaka mwisho picha nzima inabeba milimita mbili hivi, ukivuta zaidi ya hapo ni simu tu inakuza ukungu. Lakini mnyoo wa sentimita mbili tatu hahitaji makubwa kwa kuanzia, maana kinachoanza ni kuhesabu. Chukua jenasi tatu: Lepidonotus ana jozi 12 za magamba, Iphione 13, Harmothoe 15. Rahisi si ndio? Shida magamba yanadondoka, Harmothoe hasa ukimshika vibaya anayamwaga sahanini unabaki na mnyoo kipara, wakati Lepidonotus yeye anayang'ang'ania.

Na hapa ndo hii mashine imenilipa hela yangu yote, kwa sababu kila gamba linakaa juu ya kikonyo kifupi na gamba likitoka kikonyo kinabaki pale pale, kinaonekana wazi kabisa kwenye skrini. Vinaanzia pingili ya 2, halafu 4, 5, 7, kuanzia hapo unaruka moja moja mpaka 23. Lepidonotus anaishia hapo, Harmothoe anaongeza 26, 29 na 32. Pingili isiyo na kikonyo utaona ina unyuzi mrefu umechomoza kwa juu, kwa hiyo huchanganyi. Hesabu upande mmoja tu, tena hesabu kwenye picha uliyopiga, sio kwa mnyoo anayetembea.

Taa zake sasa, mmh. Zinapiga moja kwa moja toka juu, gamba likiwa limelowa linang'aa jeupe lote na vile vinundu vya juu yake huvioni, na vinundu ndo unavyovitaka. Mimi nazima taa zake kabisa, mnyoo anazama kwenye maji ya bahari ndani ya kisahani cheusi, namulika na tochi ya simu nyingine toka ubavuni. Hapo vinundu vinatoa kivuli, na gamba la Iphione unaliona limegawanyika vyumba vyumba vyenye pembe, huhitaji hata kuhesabu. Akiwa mbishi anajikunja, mlegeze kwanza taratibu na magnesiamu kloraidi, aina ya chumvi, usimtumbukize kwenye spiriti akiwa hai, atapukutisha kila kitu.

Kichwa pia kinaonekana ukitulia. Angalia papasi mbili za pembeni: za Lepidonotus zinatokea mbele kabisa usawa mmoja na ile ya katikati, za Harmothoe zimeingia kwa chini. Hii unatakiwa umgeuze mnyoo, na kile kistendi kinatikisika ukigusa tu meza, kwa kweli nimekifunga na selotepu mpaka leo.

Rangi achana nayo jamani. Naona watu wanatuma picha "huyu wa kahawia ni nani" utafikiri wanauliza kuku. Harmothoe imbricata wa huko bahari za baridi, spishi hiyo hiyo moja, ana rangi na madoa ya kila namna. Na huku kwetu yule Gastrolepidia clavigera anayekaa kwenye majongoo bahari anafanana rangi na jongoo aliyemkalia, kwa hiyo rangi inakwambia kakaa wapi tu. Yeye mpindue, tumboni ana vipande vyembamba vya nyama pingili kwa pingili vya kujishikiza, na hivyo hadubini hii inavionyesha bila taabu.

Inapokwama ni kwenye vinywele vya miguuni. Kutenganisha spishi mara nyingi unaambiwa utazame ncha ya kinywele, ina jino moja au mawili, na safu za vimiba zimeshuka mpaka wapi. Hapo hii hadubini inakupa nyuzi za dhahabu nzuri za kuweka status, basi. Unakata mguu mmoja, unauweka kwenye kioo na kifuniko chake, unaupeleka kwenye hadubini ya maabara ya kweli ya mara 400. Kama unafikiria pia kupima DNA, mnyoo mwenyewe umhifadhi kwenye ethanoli kali, formalini itakuharibia.

Mwanafunzi wa chuo au mtu wa mashamba ya majongoo anayetaka kujua nani kapanda juu ya mifugo yake, nunua. Anayetaka kuandika jina kamili la spishi kwenye ripoti, hela hiyo aiweke pembeni achangie hadubini kubwa. Na kabla hujalipa mwambie muuzaji aichomeke kwenye simu yako wewe, sio ya kwake, maana yangu ilikuja na waya wa kichwa cha zamani nikatoa elfu tano nyingine ya adapta, na hata hivyo programu yake ilikubali simu moja tu kati ya zilizopo nyumbani.