Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, kilo 7: inavyovumilia kukaa stoo

Kwa kufua mashine hii haina neno. Naiandikia upande ambao dukani hawausemi: inavyokaa pale unapohama au nyumba inapokarabatiwa, ikabidi iwekwe stoo. Hapo inataka kazi ya nusu siku, na karibu kazi yote ni kuyatoa maji yaliyojificha. Hata ikimaliza kukamua, lita moja hadi mbili hubaki kwenye pampu, kwenye mipira na kwenye vali. Kwa joto la Dar es Salaam maji hayo hunuka upesi, na yakikauka, utando wa sabuni huganda na kushika pangaboi la pampu. Siku ya kuiwasha utasikia muungurumo tu, maji hayatoki.

Naanza kwa kuizungusha tupu kwa nyuzi 60, gramu 100 za unga wa ndimu ndani ya pipa, bila sabuni. Wanaotumia maji ya kisima wasiiruke hatua hii, maana chokaa ya maji hugandia kwenye hita. Siki pia hufanya kazi, ila ikitumiwa mara kwa mara hukausha mipira. Usichanganye hata kimoja na jiki. Hutoa gesi yenye sumu.

Kisha funga koki na uanzishe programu yoyote kwa dakika moja ili vali ifunguke na msukumo wa maji ushuke. Malizia na programu ya kumwaga maji, chomoa plagi, ndipo ufungue mpira wa kuingizia maji. Ushushe ule wa kutolea hadi sakafuni umwagike wote.

Chujio liko chini kulia, nyuma ya kimlango kidogo. Nilichokipenda ni kimpira chembamba kilicho pembeni yake: unakivuta, unatoa kizibo, maji yanateremka taratibu. Beseni haliingii pale, tumia trei ya kuokea. Yakiisha, zungusha chujio kinyume cha saa, ulitoe. Mulika ndani kwa tochi na usukume pangaboi kwa kidole. Likizunguka kwa kushtukashtuka usiogope, ni sumaku ya pampu inayolivuta. Likigoma kabisa, tafuta uzi, nywele au kibanio kilichonasa.

Mpira wa mlango ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Vuta mkunjo wake wa chini, ukaushe kwa kitambaa, kisha uzibue vile vitundu vidogo vya chini kwa kijiti cha meno. Madoa meusi ya ukungu yakishaingia kwenye mpira hayatoki yote. Chomoa na droo ya sabuni, na usugue pia nafasi inamokaa. Acha mlango wazi siku mbili mbele ya feni, na hata stoo weka kitambaa kilichokunjwa ili usijifunge.

Sasa boliti za usafirishaji, zile zinazolishikilia pipa lisiyumbe njiani. Hii ina nne nyuma, spana namba 10. Nyingine hutumia 13. Pipa linaning'inia kwenye springi likiwa na uzito wa zege, kwa hiyo ukilisafirisha bila boliti, kila shimo la barabarani linaligonga kwenye bodi. Shokapu huvunjika na nyaya hukatika. Vipande vya godoro wanavyojaza mafundi vinafaa kuihamisha chumba hadi chumba, si safari ya pikapu. Naikata nyota moja hapa, kwa sababu hakuna mahali popote kwenye mashine pa kuzitunza boliti hizo. Zisipotumika, zitie kwenye kifuko, ukifunge kwenye waya wa umeme.

Iweke wima juu ya mbao, isiguse sakafu. Ifunike kwa shuka kuukuu, wala si nailoni, kwani nailoni hutoa jasho na kutu huanzia kwenye pembe za bati. Nyota ya pili naikata kwa sababu chini iko wazi kabisa, panya wanaingia watakavyo, na wanapenda kutafuna nyaya na mkanda. Kata wavu wa waya wenye matundu madogo, uuzungushie chini. Naftalini usiweke ndani. Harufu yake huingia kwenye mipira na kuhamia kwenye nguo.

Ukiirudisha kazini, toa boliti zote kabla ya kuchomeka umeme, la sivyo itarukaruka wakati wa kukamua na kuharibika. Weka washa mpya za mpira kwenye mpira wa kuingizia maji, za zamani huwa zimekauka. Chomoa kwa koleo kichujio kidogo cha kwenye vali, ukisuuze. Mzunguko wa kwanza uwe bila nguo, na usiondoke hadi uone maji yametoka yote.

Nyota 3 kati ya 5 kwa kuhifadhika.