Ushauri nasaha pale Mwanga, Kigoma: nyota nne

Naandika haya coz najua kuna mzazi humu Kigoma anahangaika kama nilivyohangaika mimi. Binti wa dada yangu ana miaka 17, nakaa nae Gungu, mwaka jana akaanza siku mbili hagusi chakula afu usiku nakuta sufuria la wali limekombwa lote na yeye yuko chooni kafungulia bomba ili tusimsikie anavyojitapisha. Mtaani wakaanza kunong'ona ana ngoma. Tukapima, hana. Kituo cha kwanza, sikitaji, tukapewa dawa za vidonda vya tumbo na tukaambiwa kujitapisha ni mambo ya wazungu, mtoto wa Kiha aliekulia ugali wa muhogo na migebuka hawezi kuwa nayo. Miezi mitano ikapotea hivyo, inaniuma mpaka leo.

Mshauri wa Mwanga hakuanza na chakula kabisa. Alimuuliza, nani kakulea? Mtoto kanyamaza weee, afu akasema mama alipanda treni kwenda Dar nikiwa na miaka mitatu, mpaka leo mtu asipopokea simu yangu najua kashaniacha. Mimi mamdogo wake nilikua silijui hilo.

Akatueleza kwamba mtoto asiekua na uhakika na mlezi wake anaweza kukua na hofu ya kuachwa, au akajifunza kutomtegemea mtu, na tafiti zinawakuta watu wa hivyo wengi kwenye magonjwa ya ulaji, ila sio sababu pekee na wala kulelewa na bibi sio kosa, kinachotakiwa ni mtu wa uhakika. Hapo nililia. Na hilo la wazungu akalikataa palepale: Mary Ainsworth, mmoja wa waliojenga elimu hii ya mtoto na mlezi wake, alianza kuwaangalia watoto na mama zao Uganda, jirani na Kampala, miaka ya 1954 na 1955, kabla hajaendelea Marekani. Na hukohuko Marekani weusi nao wanaugua bulimia (kula sana afu kujitapisha) na ugonjwa wa kula kupitiliza, tofauti ni kwamba hawagunduliwi haraka na matibabu wanayapata kwa shida. Yani kosa lile lile tulilofanyiwa sisi!

Kilichonipa imani zaidi, alitutuma hospitali tukapime potasiamu kwenye damu kwanza, kwasababu kutapika sana kunaishusha na moyo unaweza kuyumba.

Nyota moja nimeitoa kwa chumba, ukuta ni plaiwudi tu, waliokaa kwenye benchi wanasikia kila kitu na mtoto alikua anaongea kwa kunong'ona. Pia mtaalam wa lishe hawana.

Jumamosi nimepika migebuka kwa mawese, kala sahani yake, kabaki mezani tunapiga stori karibu saa nzima, bomba halikufunguliwa. Kama una mtoto wa hivi mpeleke, wapo Alhamisi tu, wahi kabla ya saa mbili asubuhi, na akiulizwa swali usimjibie.